Swichi Niliyoiingiza Bafuni

Mkamwana wangu yuko Ipinda kwa mama yake, mjukuu wangu yuko naye, na mimi niko hapa Kyela na bafu lisilo na mtu wa kuoga. Bafu zuri sasa hivi. Kila anayechungulia anasema, "Eee mama, umeme umekaa vizuri humu." Umekaa, ndiyo. Umekaa vizuri mwenye kuoga ameshaondoka. Mimi nataka arudi. Sina lingine ninalotaka, na sijui tena nifanye nini.

Mkamwana ni mke wa mwanangu. Mwanangu kazi yake iko Tunduma, huku anakuja kwa msimu kama kumbikumbi. Mke alipokaribia kujifungua, mama yake mzazi akataka akazalie kwao Ipinda. Nikakataa. Nikasimama mbele ya yule mama nikajisifu: kwangu mjini hospitali si mbali, kwangu kuna umeme, kwangu kuna bafu la ndani, na mwanangu ameleta hita. Utageuza tu kidude, maji ya moto yanamwagika kichwani kama mvua ya Machi. Mzazi atakandwa bila kupuliza kuni. Yule mama akaniangalia, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Haya, kama kuna hita." Nikamchukua binti yake kwa maneno ya hita.

Sasa hita yenyewe ilikuwa bado kwenye boksi. Fundi akaja, kutoka Bondeni. Kijana mwembamba, testa ya kupimia umeme kaichomeka nyuma ya sikio, na kila akifungua mdomo linatoka neno moja. "Kiufundi, mama." Ukimpa chai, "Kiufundi mama, sukari imezidi." Akaingia bafuni, akagonga ukuta ko ko ko, akatoka.

"Kiufundi, mama, bafuni vinaingia vitu viwili tu vya umeme. Taa, ikae juu darini, iwe na kifuniko mvuke usiingie. Na hita. Basi. Soketi humu hapana, na swichi humu hapana. Mtu aliyelowa asifikie kitu cha kubofya. Swichi zote mbili nazitoa nje, hapa koridoni."

Akaweka kidole ukutani, palepale koridoni. Mimi nikageuza shingo kufuata kile kidole, nikaona kinatazamana na kiti cha mzee.

Mzee ni mume wangu. Kiti chake kiko sebuleni, kinaelekea koridoni, na kiko hapo tangu nyumba ilipopigwa bati. Hapo anakunywa chai, hapo anasikiliza redio, hapo anasinzia anadanganya kwamba anawaza. Ukisimama mahali pale fundi alipoweka kidole, mzee anakuona kuanzia kisigino mpaka kilemba.

Na kwetu sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakuja, anakwepa. Chakula cha mzee anakipika yeye, lakini ninampelekea mimi. Mzee naye akitaka kupita uani anakohoa kwanza, khoo, khoo, ili mkamwana apate kujibanza. Vijana wa siku hizi wanacheka, wengine wanakula meza moja na wakwe na hakuna aliyevimba tumbo. Kwangu hatujaacha. Mimi mwenyewe nilimkimbia baba mkwe wangu mpaka siku aliyokufa, nikaja kumwona uso vizuri akiwa amelala hawezi tena kukohoa.

Mlango wa bafu letu unatazama nyuma, upande wa jiko. Mkamwana anatoka jikoni, anaingia, anaoga, anatoka, mzee hajui hata kama ameoga. Nililipenda bafu kwa hilo. Sasa huyu ananiambia mzazi ajifunge khanga, azunguke koridoni akawashe maji mbele ya baba mkwe, ndiyo arudi kuoga!

Nikamwambia, "We fundi, umeoa?"

"Bado, mama."

"Ndiyo maana. Hiyo swichi weka ndani."

"Ndani haikai, mama. Kiufundi..."

"Basi weka upande wa jiko, nje ya mlango."

Akanionyesha ule ukuta. Bati letu upande ule ni fupi, na mvua ya Kyela mnaijua, inakuja ya ubavu. Ukuta una ukungu wa kijani mpaka usawa wa dirisha. "Hapa mama swichi itakunywa maji mpaka ilewe," akasema. Akafikiri. "Labda swichi ya kamba. Yenyewe inakaa juu darini, kamba peke yake inaning'inia ndani. Mtu anavuta kamba, mkono haugusi umeme. Na tuweke breka ile ya kukata haraka, umeme ukivuja kidogo tu inaruka."

Hapo aliongea kitu cha maana. Nikafunga kilemba, nikaenda dukani mwenyewe.

Duka la vifaa ni la mzee mmoja Mwislamu, babu zake walitoka pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Mimi nikiingia tu naanza kumwiga moyoni. "Karibu bibi, pita, pita ndani, jua kali hilo." Nikataja swichi ya kamba na breka. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Ah, bibi yangu. Hizo zimekwisha. Mzigo u njiani kutoka Mbeya, inshallah wiki mbili, tatu. Vuta subira."

"Subira ninayo mimi," nikamwambia. "Tumbo la mkamwana wangu halina."

Akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka. Nilitoka pale nimefurahi jinsi nilivyomjibu, nikarudi nyumbani nikamwambia fundi, "Hazipo. Weka ndani hiyo ya kawaida."

"Mama, tusubiri."

"Mzazi anasubiri? Au nimwambie mama yake Ipinda kwamba hita iko kwenye boksi?"

Akatazama chini. Mtoto wa watu, mimi umri wa bibi yake, angefanyaje? Akaweka swichi ndani, usawa wa bega, kando ya bomba la maji. Akaizungushia gundi nyeupe pembeni ili maji yasipenye. Wakati anatindua ukuta nikawa nje ya mlango namwiga, "Kiufundi mama, kiufundi mama," na mkamwana alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakucheka. Nikadhani tumbo linamsumbua.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, kichwa chote nywele. Tukarudi nyumbani. Na hita ilifanya kazi, nisiseme uongo. Asubuhi na jioni namkanda mkamwana kwa maji ya moto, mimi mwenyewe silowi hata ncha ya khanga. Majirani wakaja kuona. Nikawa nawasha nazima kama mtoto.

Baada ya siku kadhaa mkamwana akaniambia, taratibu, macho chini, "Mama, ukuta wa bafuni unanitekenya."

"Unakutekenya vipi?"

"Nikigusa karibu na bomba. Kama siafu."

Nikamjibu nini? Nikasema, "Umeme unakusalimia, mwanangu, itikia." Halafu nikampa kandambili zangu za plastiki. Kwetu ndiyo dawa ya umeme, kandambili. Nyumba nzima ikianza kutekenya watu hatuiti fundi, tunatafuta kandambili. Akazivaa. Hakusema tena, na mimi sikuuliza tena.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha na kuacha, uani pote matope. Nilikuwa jikoni nimempakata mtoto, mkamwana yuko bafuni. Nikasikia ndoo imeanguka. Halafu sauti. Sauti za watu wote naziweza, ile sikuijua ni ya nani. Si kupiga kelele. Ilikuwa kama mtu anayetaka kuita na meno hayafunguki.

Nikamlaza mtoto kwenye kapu la nguo, nikasukuma mlango. Mkamwana amesimama, mkono mmoja uko kwenye swichi, mwingine umeshika bomba la chuma, na vidole vimeling'ang'ania. Anatetemeka mwili mzima. Kandambili moja iko huku, nyingine imeelea. Macho yananitazama. Nikamshika bega nimvute, na kitu kikanipiga kutoka vidoleni mpaka kwenye jino, nikatupwa nikakaa chini kwenye maji ya mlangoni.

Ningezima wapi? Meni swichi, ile kubwa ya kuzima nyumba nzima, iko sebuleni, juu kabisa ya mlango, fundi wa kwanza aliiweka huko watoto wasifikie. Na mimi urefu wangu ni wa mtoto. Nikapiga kelele:

"Mzee! Mkamwana anakufa bafuni! Zima umeme!"

Nikasikia kiti kinalia, ameinuka. Nikasikia miguu yake. Nikashukuru Mungu. Halafu nikasikia mlango wa mbele unafunguka, miguu inatoka nje, inakwenda zake.

Alikuwa ameondoka! Alisikia "mkamwana", akasikia "bafuni", miguu ikafanya ilivyofundishwa miaka yote. Mwanamume akisikia mke wa mtoto wake yuko mahali pa kuoga, anahama. Alifika mpaka kwenye mikeka tunayoanikia kokoa kando ya nyumba, akasimama, ameipa nyumba mgongo, mtu mzima kama nguzo. Simlaumu. Nilimwona kwa dirisha la jikoni nilipokuwa najaribu kuinuka, na mtoto analia kwenye kapu, na mimi sijui nikimbilie wapi kati ya watatu hao.

Nikapiga kelele tena. Safari hii nikamtukana. Nilimtukana tusi ambalo mke hamtukani mume kwetu, na sitaliandika. Ndiyo likamgeuza.

Akarudi kwa upande wa jiko, meni swichi ameisahau, mkongojo mkononi, na njiani amechomoa shuka kwenye kamba ya nguo amejifunika kichwa kizima. Hakuonekana uso. Anakuja anapapasa ukuta, anagonga sufuria, anapaza sauti, "Sioni kitu mimi! Sioni kitu! Nielekezeni!"

"Mbele! Piga mkono wake kwa fimbo! Mkono ulioshika bomba!"

Akapiga. Akapiga ndoo.

"Kulia!"

Akanipiga mimi, begani.

"Kulia kwako, we mzee, mbele, juu!"

Mkongojo wake ni mti mkavu, ameuegemea miaka. Pigo la tatu likampata mkamwana juu ya kifundo cha mkono, nikasikia mlio, na vidole vikaachia bomba. Akaanguka juu yangu. Mzee bado amejifunika, bado anapiga hewa, "Nimempata? Nimempata?" Nikamwambia toka. Akatoka kinyumenyume akaanguka matopeni na shuka lake.

Mtu akisimuliwa hapo anacheka. Na mimi nilicheka, baadaye, nikiwa peke yangu, halafu kicheko kikageuka.

Hakufa. Majirani walikuja, wakamvika, wakampeleka hospitali. Kiganja kiliungua, na mkono ulivunjika pale pa mkongojo, wakaufunga plasta. Maziwa yalikauka siku mbili, yakarudi. Mama yake akaja kutoka Ipinda. Nilijiandaa kugombezwa, maana ugomvi naujua, ugomvi ningeujibu. Hakugombeza. Alikunja nguo za mtoto moja moja, akasema, "Ndaga, mama." Ndiyo asante yetu hiyo. "Ndaga kwa kumtunza. Sasa namchukua." Nikabeba kapu mpaka kwenye gari. Ndiyo kazi niliyobakiwa nayo.

Nikamwita fundi. Akaja hana testa sikioni wala hana "kiufundi" mdomoni. Akafungua ile swichi, ndani maji yamejaa kama kijiko cha supu. Gundi ilizuia maji yasitoke, mvuke uliingia wenyewe. Akafukua na ule waya wa ethi, unaochimbiwa ardhini umeme uliopotea uishie huko, akanionyesha kipande kimeliwa na kutu. Ardhi ya Kyela ina maji saa zote, alitakiwa aupime kabla ya kufunga hita, hakuupima. Akasema, "Mama, nilijua haikai ndani. Ningekataa kazi." Nikamwambia, "Ungekataa ningemwita mwingine." Ni kweli ningemwita.

Akatengeneza upya. Swichi ziko koridoni, kavu. Breka ya kukata haraka imekuja na mzigo wa Mbeya, akanionyesha kitufe cha kuijaribu kila mwezi, nikibofya inaruka, tap, nyumba nzima inazimika. Fimbo mpya ya ethi imechimbiwa nyuma ya nyumba. Taa iko darini na kifuniko chake. Meni swichi imeshushwa, naifikia nikiwa nimesimama tu. Bomba la chuma limetolewa, limewekwa la plastiki.

Na mzee siku ile ile, fundi bado anakusanya vyombo, akainuka, akashika kiti chake mikono miwili, akakiburuta mpaka barazani. Akakaa huko. Hakuna aliyemwambia. Nikasimama pale koridoni nikatazama sebule, hakuna jicho la mtu. Mkamwana angepita hapo awashe azime mara mia.

Kiti tu. Tulivunja ukuta, tukaweka swichi kwenye maji, na hakuna mtu katika nyumba hii, si mimi, si yeye, aliyefikiri kwamba kiti kina miguu minne na kinaweza kuhama. Kiti cha mzee hakihamishwi. Niliona rahisi kuhamisha umeme.

Nikaenda Ipinda. Nikachukua ndizi na mchele, nikavaa vizuri. Njiani nikajifunza maneno ya kuomba. Nitasema hivi, yeye atasema vile, mama yake atasema hivi. Sauti zote tayari.

Nilimkuta kwenye baraza la nyuma anamwandaa mtoto kuoga. Karai, sabuni, taulo. Mama yake alikuwa shambani kwenye mpunga. Nikasalimia, "Ugonile, mwanangu." Akaitikia, akanipa kigoda. Mkono una plasta, anafanya kila kitu kwa wa kushoto.

Nikaeleza yote. Swichi, breka, fimbo ya ethi, kiti. Hasa kiti. Nikasema mzee anaona haya mpaka amekonda, hatakuja mbele yako, wala usihofu aibu ya siku ile, alijifunika, hakuona kitu.

"Mimi simwonei baba aibu," akasema. "Baba alinipiga nikapona."

"Basi ni umeme? Shida ya umeme imekwisha mwanangu, sasa umekaa kiufundi." Nikamwigia na fundi kidogo. Akatabasamu, nikapata moyo.

Kisha akasema, macho chini vilevile kama siku zote, "Mama, nilimsikia fundi. Siku ile nilikuwa jikoni nachambua mchele. Alisema swichi haikai ndani, nikasikia, nikaelewa. Nikanyamaza. Ukuta ukanitekenya, nikasema mara moja, ukacheka, nikanyamaza. Nikirudi, itakuja siku nyingine nitasikia kitu kibaya, nitanyamaza tena. Na huyu mtoto atakuwa ananitazama."

Nikamwambia, sasa sema. Sema chochote, saa yoyote, mimi nitasikia.

"Leo unasema hivyo kwa kuwa uko kwetu," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Mwanangu nilishampigia simu, naye alisema, "Mama, muache apumzike," kwa ile sauti ya mtu aliye mbali. Mzee hawezi kuja, mila haimruhusu. Mimi ndiye ninayeweza kuja, na nimekuja, na ndiyo hivyo.

Mtoto akaanza kulia. Mkamwana akasema, "Mama, nisaidie maji." Nikainuka haraka kama msichana. Kwenye jiko la mafiga kulikuwa na sufuria inachemka, na ndoo ya maji ya baridi kando. Nikachanganya kwenye karai, nikatia kiwiko, nikaongeza ya moto kidogo, nikatia kiwiko tena. Yalikuwa sawa. Nimeogesha watoto saba, maji ya mtoto nayajua. Nikamsogezea.

Akatia kiwiko chake cha kushoto. Akakaa nacho majini kitambo. Kisha akainamisha karai polepole kwa ule mkono mmoja, akamwaga yote kwenye migomba, akainuka akachanganya mengine mwenyewe.

Nikamshikia taulo.